Mkono wa Kutia Chumvi

“Hivi, Mama Fides, siku hizi chumvi ya kwako imeota miguu? Inaingia chunguni yenyewe?”

Elina aliuliza hivyo asubuhi moja ya kipupwe, wakiwa wameinama kisimani, bondeni, mwendo mfupi kutoka Tunduma. Aliuliza akicheka, maana Elina alikuwa mtu wa kucheka. Hata msibani wenzake walimkalia mbali kidogo, wasije wakaumbuka. Lakini Ikupa, ambaye watu walimwita Mama Fides kwa jina la binti yake, aliyaacha maji ya mtungi yammwagikie miguuni, na miguu hakuiondoa.

“Una maana gani, mwenzangu?”

“Maana gani tena! Tangu mavuno ya mwaka jana hujamwita Anyitike wangu hata mara moja. Mwenyewe ananiuliza, mama, kwa Mama Fides wamegombana na chumvi? Nikamwambia pengine wamekuwa wazungu, wanakula sukari.”

“Fides amekua. Anatia yeye.”

“Fides huyu huyu anayekula udongo?” Elina akajitwika mtungi wake, akauweka sawa juu ya kata ya kichwani. “Haya, dada. Ukisema amekua, basi amekua. Lakini mficha uchi hazai.”

Ni methali ya kila siku, na Elina aliitupa kama mtu anavyotupa ganda la muwa. Hakujua imeangukia wapi.

Asiyekulia upande ule inafaa aelezwe. Kwa Wanamwanga, alikoolewa Ikupa, mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Atapika, atasonga ugali, atapakua, lakini chumvi itatiwa na mkono mwingine: mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, au bibi kizee aliyekwisha kukoma. Walisema chumvi huibeba damu ikaipeleka kifuani mwa wanaokula, na mtu hukohoa mpaka akaisha, na mtoto mchanga hunyauka. Mchungaji alilihubiri jambo hilo kuwa ni giza la zamani, na watu waliitikia amina kwa moyo wote, kisha wakarudi nyumbani wakamwita mtoto wa jirani aje atie chumvi. Hakuna aliyeona kwamba anamdanganya Mungu. Roho zao walimwachia Yeye, na vifua vyao wakavilinda wenyewe.

Tena mwiko ule ulisema mambo ambayo midomo haikusema. Mume hakuambiwa kitu. Alimwona tu mtoto wa jirani akiingia jikoni na kutoka akilamba vidole, akajua. Na mtoto asipoonekana mwezi huu na mwezi unaofuata, mume alianza kutembea kifua mbele.

Kwa Ikupa mtoto hakuonekana mwaka mzima.

Mambo yalianza masika ya mwaka uliotangulia, siku alipomzaa mwanawe wa pili. Ferista, mama mkwe wake, ndiye aliyemzalisha, na alikuwa na mikono mizuri mwanamke yule, mikono iliyopokea nusu ya watoto wa kijiji. Mtoto alitoka salama, wa kiume, akalia. Kondo la nyuma likakawia. Lilipotoka, damu ikalifuata kama maji ya mfereji uliozibuliwa, ikalowanisha mkeka, ikalowanisha udongo, na Ikupa akawasikia wanawake wakiomba kwa sauti, halafu akawasikia wakiomba kwa mbali, halafu hakusikia tena.

Alirudi. Walisema Mungu amemrudisha, na ni kweli. Mtoto wakamwita Tuntufye, tumsifu, kwa lugha ya kwao Ikupa kule vilimani Ileje. Lakini maziwa hayakuja. Kwa Fides yalikuja mengi hata yakalowesha nguo. Kwa huyu matiti yalibaki laini na matupu kama mifuko iliyokung’utwa. Ferista alimpikia uji wa karanga, akampikia mchuzi wa kuku aliokuwa amewaweka kwa ajili ya Pasaka, akamkanda kwa maji ya moto huku akimwimbia mjukuu wake, “Nyonya, mzee wangu, kisima kitafunguka.” Mtoto alinyonya. Alinyonya mpaka akachoka, akaliachia titi, akalitazama, akalia. Wakampa maziwa ya ng’ombe kwa kijiko, yakamharisha. Alizikwa kabla watu hawajazoea kulitaja jina lake.

Baada ya hapo Ikupa akawa mtu wa baridi. Jua la mchana likiwaka alijifunika, akakaa ukutani kama mjusi. Nywele za kwapani zikapukutika, nyusi zikapungua, ngozi ikawa nyororo, ikapauka, hata Elina akamtania, “Umekuwa mweupe, wewe, kama mke wa karani.” Jembe lilimshinda kabla ya mstari mmoja kwisha. Kanisani alisinzia, na alikuwa mtu wa kuomba mpaka machozi. Na mwezi wake haukurudi.

Mwanzoni alifurahi. Alidhani Mungu anafuta chozi upesi. Hata Amoni, mumewe, alidhani hivyo. Amoni alikuwa ametoka kazini kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza, amerudi na baiskeli na kifua kizima, jambo ambalo si wote walirudi nalo, na alikuwa mwanamume wa maneno machache. Aliona Anyitike haji. Siku moja akavuka mpaka kwenda Nakonde kuuza maharage, akarudi na kitambaa chekundu chenye maua, kizito, akakitundika kwenye kamba ya chumbani.

“Cha nini hiki, Baba Fides?”

“Cha kubebea,” akasema, akatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Kitambaa kikaning’inia pale. Tumbo halikukua. Kila asubuhi Ikupa alikiona kabla ya kuona kitu kingine, na Amoni naye alikiona.

Basi kipupwe kile Ferista alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kumkunja, kilichosikika toka nyumba yake mpaka jikoni kwa mkwewe. Na mdomo wa Elina haukuwa na bawabu. Hakumchukia Ikupa, alimpenda. Ila alikwenda kumjulia hali mgonjwa, akakaa, na katika kumchekesha akamwambia lile la chumvi iliyoota miguu. Ferista hakucheka. Alimtazama Elina, akakohoa, akasema, “Rudia.”

Tangu siku hiyo bakuli la mboga alilopelekewa Ferista lilirudi limefunikwa vile vile lilivyokwenda. Mara ya kwanza Ikupa alidhani mgonjwa hana hamu. Mara ya pili akamkuta mlangoni.

“Mama, leo nimekupikia kunde, unazozipenda.”

“Nazipenda, ndiyo. Nani katia chumvi?”

“Mimi, mama.”

“Hm,” akasema Ferista. “Peleka ukale na mumeo. Mimi kifua changu kinanitosha.”

Ikupa akasimama uani na bakuli lake. Hapo ndipo alipoyaona mambo yote kwa pamoja. Mwaka mzima mkono wake mwenyewe umetia chumvi, kwa sababu mwaka mzima hakuwa na siku za kumzuia. Amoni ameona hivyo akadhani mimba. Ferista ameona hivyo akadhani mauaji: kwamba mkwewe anaingia katika siku zake, anaficha kwa uvivu au kwa ubaya, anatia chumvi, na sasa chumvi imeua mjukuu na inamaliza bibi. Na la kujitetea lilikuwa moja tu: mama, mimi sina siku tena. Kusema hivyo kwa ukoo wa mume ni kusema, nirudisheni kwetu.

Amoni aliona bakuli likirudi. Kesho yake alisafisha baiskeli akasema, “Funga leso kichwani. Tunakwenda kwenye hospitali ya misheni, kule kwenu. Baridi hii si ya Mungu.”

Daktari alikuwa mama wa Kizungu mwembamba, nywele mvi. Aliomba Amoni angoje nje. Alimtazama Ikupa nyusi, akamtazama kwapani, akambonyeza shingo kwa vidole viwili, akauliza juu ya uzazi ule: damu kiasi gani, alizimia, maziwa je, mwezi je. Aliyetafsiri ni Efraimu, msaidizi wa hospitali, mtu wa Ileje, na pale Kiswahili kilipompungukia aliingia katika Kindali, lugha ya mama yake Ikupa, ndiyo maana maneno yale yalimwingia Ikupa mpaka mahali ambapo maneno ya hospitali hayafiki.

“Dada,” akasema Efraimu, “ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo boma, yaani ofisi ya serikali. Boma linatuma matarishi mwili mzima. Hawana miguu hao, wanapita ndani ya damu. Daktari anawaita homoni. Tarishi mmoja anakwenda kwenye matiti, anasema, mtoto amezaliwa, toeni maziwa. Mwingine anakwenda kwenye kizazi, ndiye anayeuongoza mwezi wako. Mwingine anakwenda kwenye tezi ya shingo, anasema, chocheeni moto, mwili upate joto. Mwingine anakwenda kwenye tezi zilizo juu ya mafigo, zinazotoa nguvu. Sasa siku ile uliyomwaga damu, boma lilikosa damu. Likafa njaa. Vijijini watu ni wazima, dada. Matiti mazima. Kizazi kizima. Vinangoja amri, na amri haiji.”

Ikupa akauliza jambo ambalo daktari hakulitarajia.

“Mtoto alipokuwa analia. Maziwa yalikuwa tayari?”

Efraimu akatafsiri. Daktari akavua miwani.

“Anasema matiti yalikuwa tayari kuyatoa. Hayakuambiwa.”

Ikupa akayashika matiti yake kwa mikono miwili, juu ya nguo, mbele ya wageni, bila haya. Mwaka mzima aliyalaumu. Kumbe yalikaa pale kama watu walioitwa barazani, wakaketi, wakamngoja jumbe aliyekufa njiani, na mtoto amesimama mbele yao analia.

“Na hiyo amri,” akasema, “hairudi?”

Daktari alisema maneno machache, na Efraimu akayatafsiri kwa mengi, hapo Ikupa akajua kuwa hairudi. Kuna dawa inayofanya kazi ya baadhi ya wale matarishi, inatoka Ulaya, ni adimu, daktari ataandika barua iletwe. Lazima ianze hiyo, ndipo vifuate vidonge vya joto, visitangulie. Wakati huo asikae na njaa, asikae na baridi, na chumvi asiiogope, kwa kuwa mwili wake hauishiki kama zamani. Akiona kizunguzungu alambe hata punje.

“Na mtoto?”

“Anasema hapendi kukudanganya.”

“Basi asinidanganye.”

“Anauliza, amwite mumeo amweleze yeye mwenyewe?”

Hapo mlango ulikuwa wazi. Ikupa alimwona Amoni nje, amechuchumaa, anafunga mnyororo wa baiskeli kwa kamba. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, taratibu.

“Nitamwambia mwenyewe,” akasema Ikupa.

Njiani, kwenye mpando wa kilima, Amoni alisukuma baiskeli na mkewe akatembea kando yake.

“Wamesemaje?”

“Baridi imeniingia mwilini. Kuna dawa, wataileta.”

“Baridi tu?”

“Baridi.”

Wakaenda. Amoni akasema, akitazama gurudumu, “Mimi nina Fides. Kama Mungu kasema mmoja, basi ni mmoja. Usijisumbue na kile kitambaa. Nilikinunua kwa haraka.”

Mtu akisoma hapa atasema, mbona hakumwambia pale pale? Aliufungua mdomo, ni kweli. Lakini njia ilikuwa inapita kwa Abrahamu, binamu wa Amoni, na pale uani alikuwepo mke mpya wa Abrahamu anatwanga, na watoto wa yule wa kwanza wanacheza karibu na kinu. Yule wa kwanza uzazi ulisimama. Kanisa halikubali wake wawili, na ukoo haukubali mke asiyezaa; basi alirudishwa kwao na mkeka wake na jembe lake, watoto wakabaki, maana watoto ni wa ukoo. Abrahamu naye alikuwa mwanamume mpole. Alimpenda yule mke. Alilia siku ile, watu walimwona. Akamrudisha.

Ikupa akaufunga mdomo.

Akatafuta njia yake mwenyewe. Mwezi ulipoandama alikwenda kwa Elina. “Mama Anyitike, nikopeshe mkono wa binti yako.”

“Ehee!” Elina akapiga vigelegele. “Karibu tena duniani, mwenzangu! Nilidhani umekuwa malaika.”

Anyitike akaja, akaingiza vidole kwenye kibuyu cha chumvi ya Ivuna, ile ya kijivu, akatia, akatoka akilamba vidole. Amoni alikuwa uani anatengeneza mpini. Akamwona. Akaendelea kuchonga. Baadaye, Ikupa alipoingia chumbani, kamba ilikuwa tupu. Kitambaa chekundu kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimewekwa chini kabisa ya sanduku, chini ya suruali za Saza.

Alikaa kitandani. Alikuwa amemwondolea mumewe tumaini kwa uongo, na tumaini lenyewe lilikuwa la uongo, na bado liliuma kama la kweli. Akapiga magoti akaomba, lakini hakujua aombe nini. Akasema tu, “Bwana, unaona.”

Alidhani nyumba itatulia. Haikutulia. Ferista alikuwa mtu wa kukaa mlangoni na kuangalia, na ugonjwa humfanya mtu aangalie zaidi. Alimwona Anyitike akija. Mwezi uliofuata akamwona tena. Akalitia akilini. Kama sasa anaitwa, baada ya Elina kusema, basi mwanzo alikuwa na sababu ya kuitwa na hakuitwa. Kwa Ferista hilo lilikuwa wazi kuliko jua: aliyefichuliwa ndiye hujirekebisha. Halafu asubuhi moja, kizunguzungu kilimshika Ikupa nyuma ya ghala, akaegemea ukuta, akatoa punje ya chumvi kwenye pindo la nguo akailamba, kama daktari alivyomwagiza. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama pale na fimbo yake.

“Unalamba chumvi,” akasema Ferista. “Mjukuu wangu yuko ardhini, mimi natema damu, na wewe unalamba chumvi.”

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ukakaa nyumbani kwa Ferista. Hawakuwa wengi. Yonasi, baba mdogo wa Amoni, alikaa kwenye kiti. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa pia ndiye mjuzi wa miiko ya ukoo, na mambo hayo mawili aliyavaa kama koti na shati. Ferista alilala mkekani, amefunikwa. Elina aliitwa kushuhudia. Alikaa karibu na mlango, kwa mara ya kwanza hana la kuchekesha. Amoni alikaa kwenye kigoda, kofia yake gotini. Ikupa chini, miguu ameikunja.

“Mama Fides, mwanangu,” akaanza Yonasi kwa upole, “hatujaja kukuua. Nyumba ina kikohozi, na kikohozi kina mlango kilipoingilia. Tunauliza jambo moja. Tangu marehemu Tuntufye azaliwe mpaka juzi Anyitike alipoanza kuitwa, chumvi ya chungu chako ilitiwa na nani?”

“Na mimi.”

“Wewe peke yako?”

“Mimi peke yangu.”

“Siku zote za mwezi?”

Ferista akakohoa, na kila mtu akangoja amalize, na alikawia kumaliza.

“Sikiliza,” akasema Yonasi. “Neno la chumvi lina dawa yake. Wanawake wengi wamewahi kusahau. Ukisema, tutazima moto wa zamani, tutawasha mpya, utaogeshwa, utapika ugali mbele yetu na mama atakula kwa mkono wako. Yatakwisha. Utabaki katika nyumba yako na mtoto wako. Lisilo na dawa ni kunyamaza. Mwanamke anayenyamaza juu ya jambo hili, sisi hatuwezi kulala naye kijiji kimoja.”

Utabaki katika nyumba yako na mtoto wako. Ikupa alilisikia hilo peke yake. Aliona njia mbili zikiwa zimekaa mbele yake kama vyungu viwili. Akisema kweli, mkono wake ni safi, na atarudishwa Ileje na mkeka. Akisema uongo, amemuua mwanawe, na atabaki. Akamtazama Fides kupitia mlangoni, anachora chini kwa kijiti, anajisemea peke yake.

“Ni kweli,” akasema. “Nilitia katika siku zangu. Niliona uvivu kuita mtu. Nisameheni.”

Elina akaziba mdomo kwa kiganja. Yonasi akashusha pumzi kama mtu aliyeshushiwa mzigo. “Mungu akubariki kwa kusema,” akasema.

Lakini Ferista aliinuka kwa kiwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na hasira tena. Afadhali angekuwa nayo. “Nilikupikia karanga,” akasema. “Nilichinja kuku wa Pasaka. Nilikukanda kwa mikono hii usiku na mchana maziwa yatoke. Na wewe ulikuwa unamuua kwa chumvi? Uvivu, mwanangu? Kwa uvivu?”

Ikupa akageuza uso amkimbie, akakutana na uso wa Amoni.

Hakuwa amewahi kuuona uso ule. Si uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayekumbuka: kitoto kile kinaachia titi na kulitazama, yeye mwenyewe anachimba kaburi dogo kwa jembe la palizi kwa kuwa sururu lilikuwa kubwa mno. Ikupa akaelewa kwamba alikuwa amenunua nyumba na kumwuza mwenye nyumba.

“Si kweli!” akapiga kelele. “Baba Fides, si kweli, nimedanganya. Sikumuua. Sina siku mimi, tangu nijifungue sina siku, ndiyo maana nilitia chumvi mwenyewe. Daktari alisema. Ile damu iliua tezi ya kichwani, ndogo kama kunde, inayotuma amri kwenye matiti. Matiti yalikuwa tayari. Hayakuambiwa tu. Sitazaa tena, Amoni. Hilo ndilo nililokuficha. Efraimu wa hospitali yupo, kamwulize.”

“Matiti yanaamriwa na kichwa?” akasema Yonasi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mwanangu, ulikuwa umeanza vizuri.”

“Na Anyitike?” Elina akauliza kwa sauti ndogo. “Kama huna siku, binti yangu umekuwa ukimwitia nini?”

Ukweli ukifika wa tatu, nyuma ya uongo wa kwanza na wa pili, hakuna anayeupisha kigoda.

Amoni ndiye aliyesema, polepole, macho yako kwenye kofia.

“Kule kwenye mpando nilikuuliza.”

“Ndiyo.”

“Nikakwambia kama ni mmoja, ni mmoja.”

“Ulisema. Nilimwona mke wa Abrahamu anatwanga. Niliogopa.”

“Ukasema baridi.”

“Nilisema baridi.”

Amoni alingoja kidogo, kama bado kuna kitu angeweza kupewa. Ikupa alitafuta moyoni mwake neno lisilokuwa limetumika, na hakulipata. Yote alikuwa ameyatumia. Akamnyooshea mkono, ule wa kulia, ule wa kutia chumvi, ukabaki hewani.

Amoni akavaa kofia yake. Akasimama, akainama chini ya mlango mfupi wa mama yake, akampita Fides aliyeinua uso na kumwita. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Hakuichukua. Akashika njia ya machimbo ya Saza, kwa miguu.